Kalama Aliyeitwa

Pilau ya kumuaga Mwalimu Badi ilipikwa nyuma ya ghala la mbata, na kwa siku hiyo moja harufu ya kiwanda cha mafuta ya nazi ilipata mshindani. Hata meneja alikuja, akawekewa kiti. Wachezaji wa timu walikaa mkekani, magoti yao marefu yamekunjwa mpaka karibu na kidevu, na katikati yao alikaa Kalama Kombe, ambaye hakuhitaji kukunja sana chochote.

Kalama alikuwa mfupi. Tuseme hivyo wazi, maana watu wa Kilifi waliokuja kutazama mpira wa kikapu mwaka ule wa 1986 hawakuficha. Akisimama karibu na Amin, aliyecheza chini ya kikapu, kichwa chake kilifika kwapani. Bukta ya timu ilimshuka hadi kwenye miundi, mpaka mama yake alipoipinda na kuishona. Mashabiki walimwita Kidaka, jina la nazi inapokuwa bado changa kiasi cha kufichika ndani ya ngumi. Kule Mombasa bawabu wa uwanja aliwahi kumzuia, akamwambia watoto wa kuokota mipira wanapita mlango wa nyuma. Alipita mlango wa nyuma, akacheza, timu ikashinda, na bawabu hakuja kumwomba radhi. Kiwandani aliajiriwa kwa jina la mpima magunia, lakini kila mtu alijua kazi yake ni mpira. Asubuhi alisimama kwenye mizani, jua likipoa aliingia uwanjani, na kwa hayo mawili alipata mshahara na nyumba ya vyumba viwili katika nyumba za kampuni.

Watu walipokwisha kula, Mwalimu Badi alisimama. Alikuwa mtu wa Malindi, wa kanzu na kofia, kocha tangu timu ilipoundwa, na sasa ugonjwa wa sukari ulikuwa umemshika miguu hata hawezi tena kusimama kandokando ya uwanja. Alimsifu kila mchezaji kwa zamu. Alipofika kwa Kalama alicheka kabla ya kusema.

“Na huyu, jamani, leo nitawapa siri yake. Mimi sikumwita huyu. Wallahi sikumwita. Nilikwenda Adu kwenye michezo ya skuli, nikamwona mvulana mrefu, mrefu hasa, nikauliza jina, nikaambiwa Kalama Kombe. Nikampelekea baba yake maneno, niletee Kalama. Siku ya siku nimekaa pale langoni nangoja mnazi, nikaletewa kidaka.”

Watu walicheka. Meneja alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Kalama naye alicheka, tena kwa sauti, kwa kuwa meno yalitangulia akili. Ni baadaye, watu wameshaanza kunawa mikono, ndipo maneno yalipomfikia, na hapo hakuwa na mtu wa kumuuliza kama amesikia sawa.

Ni kweli walikuwapo Kalama wawili, wote wana wa Kombe. Kwa Wagiriama hilo si jambo la kushangaza. Mzee Kombe alikuwa na wake wawili, na mtoto wa kwanza wa kiume wa kila mke alipewa jina la babu yake, marehemu Kalama. Nyumbani hakuna aliyekosea. Mmoja aliitwa Kalama wa Kanze na mwingine Kalama wa Mapenzi, kwa majina ya mama zao, na mtu akiita alijua anamwita nani. Lakini Mwalimu Badi hakuuliza jina la mama. Mtu wa mjini angewaza vipi kuuliza jina la mama?

Easter, mke wa Kalama, alikuwa na wanawake wenzake wakigawa ndizi. Yeye hakucheka. Na kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakucheka, naye ni kocha mpya, aliyefika kutoka Nairobi wiki hiyohiyo na filimbi yake shingoni. Alimwinamia Amin, akamuuliza polepole, “Na yule mrefu yuko wapi siku hizi?”

*

“Kwani hukujua kwamba unatukanwa?” Easter alimuuliza mumewe walipofika nyumbani.

“Si matusi. Ni mzaha wa kuagana.”

“Mbele ya meneja. Mbele ya kocha mpya, ambaye hata mchezo wako hajauona.”

Kalama alivua viatu. Mama yake, bi Kanze, alikuwa kizingitini akichagua mchele, kwa kuwa tangu macho yake yaanze kuwa na ukungu alikuwa akikaa nao hapo Kilifi. Kalama akachuchumaa mbele yake.

“Mama, siku ile baba aliambiwa amlete nani?”

“Aliambiwa amlete Kalama.”

“Kalama yupi?”

Bi Kanze aliendelea kuchagua mchele. “Mwanangu, mimi niliambiwa nikufulie shati. Nikafua.”

“Lakini ulisikia nini?”

“Nilisikia sabuni imekwisha,” mama alisema, na Kalama akajua hapo hapiti.

Asubuhi yake alimwahi Mwalimu Badi kabla hajaondoka kurudi Malindi. Alimkuta nje ya chumba chake, ameketi juu ya sanduku, anangoja gari la kiwanda limchukue.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, kidaka changu.”

“Yale ya jana ni kweli?”

“Kweli kabisa. Lakini yakuhusu nini sasa? Umecheza, umeoa, una nyumba. Wangapi warefu hawana?”

“Basi mbona hukunirudisha?”

Badi alikuna goti. “Nilikuwa nikurudishe. Nilisema, na akae mpaka mwisho wa wiki, nimtafutie nauli aende kwao. Kisha mazoezini ukampa Amin mpira. Amin wa siku zile wamkumbuka, mikono mikavu, kila mpira ulikuwa ukimpiga kifuani ukaanguka. Wewe ukampa mpira, akautia kikapuni bila kujua ameutia vipi. Nikasema, aa, na akae wiki nyingine. Basi nikasahau kukurudisha.”

“Ulisahau,” alisema Kalama.

“Nilisahau, baba. Na si wewe peke yako. Kiwanda hiki kina watu wengi tu waliosahauliwa.” Akacheka, akamshika Kalama mkono kwa mikono yake yote miwili, na gari likaja.

Kalama alikwenda kwenye mizani akiwa hajui kama amesifiwa au ameumbuliwa. Alipima gunia moja mara mbili na lingine hakulipima kabisa. Kila mara alipojaribu kukasirika, alikumbuka mikono ya yule mzee, na hasira ikakosa pa kukaa.

*

Habari kutoka Kilifi kwenda kwao Adu hazikuhitaji simu. Malori yaliyokwenda kuchukua nazi yalibeba kila neno, na yaliporudi yalibeba majibu. Jibu la safari hii lilikuwa mzee Kombe mwenyewe, amekaa mbele kwa dereva, na mwanawe Kalama wa Mapenzi juu ya nazi, miguu imening'inia.

Lori lilipakua karibu na uwanja, na wakati huo timu ilikuwa mazoezini. Kalama wa Mapenzi aliruka chini, akajinyoosha, akawa mrefu kuliko Amin, mrefu kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Kocha mpya alipuliza filimbi, mchezo ukasimama.

“Wewe, unaitwa nani?”

“Kalama Kombe.”

Wachezaji waliangua kicheko. Kocha hakucheka. Alimtazama kutoka vidoleni hadi utosini, akamwambia, “Njoo hapa kesho.” Kisha akamgeukia Kalama wa Kanze, aliyekuwa amekumbatia mpira, akamtazama pia, na huko kutazama kulikwisha upesi.

Jioni walikula pamoja katika chumba cha mbele, sima na samaki wa nazi. Kalama wa Mapenzi aliingia ameinama ili asigonge mlango, akakaa pembeni, akala kidogo kwa adabu ya mgeni. Huko Adu mvua ilikuwa imekataa. Mahindi yalikauka yakiwa mafupi, na mihogo waliyoing'oa ilikuwa mizizi mitupu. Mkewe alikuwa ameenda Mariakani kuuza maziwa ya watu. Haya yote aliyasema alipoulizwa, na alipomaliza akasema lile lililomleta.

“Ndugu yangu, nimeambiwa kazi hii niliitiwa mimi. Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuuliza.”

Kalama wa Kanze alimgeukia baba yao. “Baba, sote tunakuuliza wewe. Uliambiwa umlete nani?”

Mzee Kombe alikuwa na tonge mkononi. Alilila kwanza.

“Niliambiwa yule mrefu,” alisema. “Mjumbe alisema wazi, yule mrefu.”

Bi Kanze aliinamisha kichwa juu ya sahani yake. Easter aliacha kula.

“Nikajiuliza,” mzee aliendelea. “Huyu mtu wa Malindi anataka kijana akacheze. Haya, na akacheze. Lakini mimi nina msitu wa kufyeka, nina minazi ya kukwewa, nina kisima hakijafika maji. Nimpe anayekwea mnazi, nibaki na nani? Wewe wa Kanze, jembe lilikupita kimo. Nikamtoa yule ambaye shamba halikumhitaji. Kama wangemrudisha, basi, angerudi. Hawakumrudisha. Sasa kosa langu liko wapi?”

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini aliuza mbuzi huyu akamwacha yule. Na hilo ndilo lililouma. Miaka yote Kalama wa Kanze alikuwa akijiambia, kila alipochekwa uwanjani, kwamba wacheke watakavyo, yeye ndiye aliyeitwa. Sasa aliona kwamba hakuna aliyemwita, na kwamba nyumbani aliachiliwa kwa kuwa hakukuwa na hasara.

Lakini aliyezungumza kwanza ni yule mwingine.

“Kumbe mimi nilizuiwa,” alisema Kalama wa Mapenzi.

“Nilikuchagua,” alisema baba yake.

“Ulinichagua nikwee minazi.” Alitazama viganja vyake, vilivyokuwa na sugu nyeusi za magome. “Nimekaa juu ya minazi ile nikijiambia mwenzangu ameitwa kwa sababu ana akili. Nikaridhika. Baba, mimi niliridhika.”

Wakatazamana, Kalama na Kalama. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye aliyependwa, na hakuna aliyeweza kusema ni kwa vipi. Laiti mmoja wao angekuwa na kosa ingekuwa rahisi. Kalama wa Kanze alihisi kwamba anapaswa kusema jambo kubwa, akatafuta, akaishia kumsogezea ndugu yake kipande cha samaki.

“Na kesho?” aliuliza Easter. “Baba, samahani nikiuliza. Nafasi ya timu ni moja. Kesho itakuwaje?”

“Nafasi ni ya Kalama Kombe,” alijibu mzee. “Haitoki nje ya nyumba yetu. Huyu amekula miaka hii, sasa na ale huyu. Kuna shida gani?”

Easter hakujibu, kwa kuwa baba mkwe hajibiwi. Alikusanya sahani moja juu ya nyingine kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

*

Asubuhi, Kalama akifunga kamba za viatu, Easter alimjia karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie.

“Watakwambia wewe umpe mpira. Mpe vibaya.”

“Easter.”

“Sikwambii umwumize. Umrushie miguuni, umrushie nyuma. Kionekane asichojua, basi. Si ni kweli hajui? Tangu skuli hajagusa mpira. Tuna mtoto, Kalama, tuna mama asiyeona vizuri, na shamba lile halikukuhitaji hata lilipokuwa na mvua.”

“Sawa.”

“Sema utampa vibaya.”

“Nitampa vibaya,” alisema Kalama, na alisema kweli kwa moyo wake wote.

Jua lilipopoa, mambo yalikwenda uwanjani kama alivyosema Easter. Kocha alimsimamisha Kalama wa Mapenzi chini ya kikapu, akamvalisha fulana ya Amin iliyombana mabegani, akaweka wachezaji wawili wa kumzuia. Kisha akaelekeza kidole. “Wewe mfupi, mpe mpira. Tuone.”

Kalama aliudunda mpira chini kabisa, karibu na goti, pale alipozoea kuudunda. Alimwona ndugu yake mle ndani, amesimama kama mgeni aliyeingia nyumba si yake, hajui aweke wapi mikono. Alijiambia, miguuni. Aliutupa. Na mpira ulipokuwa hewani alijua amekosea, kwa kuwa ulikuwa unakwenda palepale mkono wa kulia wa Kalama wa Mapenzi ulipokuwa unaanza kuinuka. Mkono ukaukuta. Mtu mwenye kimo kile hakuwa na haja ya kuruka. Aliuweka kikapuni kama anayeweka kibaba juu ya kabati.

Kalama alijaribu tena. Safari hii alinuia nyuma ya mgongo, lakini aliona begani mwa ndugu yake dalili ya kugeuka, na vidole vyake vikautuma mpira upande huohuo wa kugeukia. Mara nyingine aliuachia kwa nguvu kupita kiasi ili umponyoke, ukafika wakati mikono miwili imeshafunguka, ukatulia. Kumbe hata pasi mbaya inataka mazoezi, na yeye hayo hakuyafanya maishani mwake. Kila alipoona mtu chini ya kikapu, mikono yake haikuuliza huyo ni nani.

Easter alikuwa nje ya waya uliozunguka uwanja, mtoto mgongoni, akitazama yote.

“Huyu ndiye,” alisema kocha.

Amin, aliyekuwa amekaa pembeni bila fulana, alisimama. “Kocha, tazama anayempa.”

“Kutoa mpira mtu anafundishwa,” alisema kocha. “Urefu haufundishwi.” Akamwita Kalama wa Kanze, akamwekea mkono begani, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. “Umefanya kazi nzuri leo. Sasa pumzika. Tukikuhitaji tutakuita.”

Kalama aliuweka mpira chini taratibu usije ukabingirika, akatoka. Mtu ataitwaje, alijiuliza njiani, ambaye hata mara ya kwanza hakuitwa?

*

“Ulisema utampa vibaya,” Easter alisema.

“Nilijaribu.”

“Nilikuwa pale. Sikuona ukijaribu.”

“Nilijaribu, Easter. Sikuweza.”

Easter alikaa kitandani akamtazama mumewe aliyeketi kando yake, miguu yake mifupi isiyofika vizuri sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu pilau ile alitaka kulia. Hakujua kama anamlilia yeye au anamkasirikia. Pengine yote mawili.

Kalama wa Mapenzi alisimama mlangoni, ameinama. “Shemeji, sikufanya kitu mimi. Wallahi mpira ulikuja wenyewe. Nilifungua mikono tu.” Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza. Akamgeukia Kalama. “Mwenehu, ndugu yangu, na kesho? Kesho nani atanipa?”

Kalama alimwonyesha mkeka wa kulalia.

Mzee Kombe aliondoka na lori kurudi Adu, ameridhika, amebeba kilo ya sukari aliyonunuliwa na wanawe wote wawili. Kwake mambo yalikuwa sawa. Alikuwa na Kalama kiwandani tangu zamani na bado alikuwa na Kalama kiwandani. Kilichokuwa kimebaki ni Kalama mmoja kurudi shambani, na hilo alilisema wakati anapanda, bila kutaja yupi, kwa kuwa aliona haina haja.

Kwenye bomba la maji, wanawake wa nyumba za kampuni walimpisha Easter kwa heshima ambayo hakuizoea. Kisha mmoja, Kabibi, mwenye mdomo usiotulia, akauliza, “Mke wa Kalama, leo maji haya ni ya Kalama yupi?” Wengine wakazuia vicheko kwa khanga. Easter alijitwisha ndoo yake, akaenda nayo mpaka nyumbani bila kuushika ukingo, shingo imenyooka, na maji yakimmwagikia mgongoni hakuyafuta.

“Nenda ofisini,” alimwambia Kalama. “Kama wamekuachisha wakupe haki yako. Mtu haachishwi kazi hivi hivi.”

Kalama alivaa shati lake la harusi, akaenda. Ofisini alimkuta Nyakio, karani aliyetoka bara, mama mpole aliyempenda kila mtu aliyesema naye taratibu.

“Nimekuja kwa ajili ya malipo ya kuachishwa,” alisema Kalama.

“Nani ameachishwa?”

“Mimi.”

“Pole sana. Jina kamili?”

“Kalama Kombe. Si unanijua, mama.”

Nyakio alimtazama kwa mshangao. “Kalama Kombe hajaachishwa. Yuko kazini. Asubuhi hii ameitikia jina pale langoni.”

“Yule ni ndugu yangu.”

“Anaitwa nani?”

“Kalama Kombe.”

Nyakio aliweka kalamu chini. “Na baba yake?”

“Kombe. Baba yetu ni mmoja.”

Nyakio alijikuna chini ya kilemba, akawaza, na ilionekana wazi kwamba anawaza kwa nia njema. “Ngoja nikuelewe. Kocha hakuniambia mtu ametoka. Hakuniambia mtu ameingia. Kwake yeye, jana Kalama Kombe, leo Kalama Kombe. Sasa mimi nitamlipaje mtu malipo ya kuachishwa, na mtu mwenyewe yuko ndani anafanya kazi?”

“Basi kama niko kazini, nirudi kwenye mizani.”

“Mizani ina mtu.”

“Nani?”

“Si Kalama?”

Kalama alicheka kidogo, tena bila kupenda. Nyakio naye akacheka, kisha wote wawili wakaona haya.

“Na nyumba?” aliuliza Kalama.

“Nyumba ni ya Kalama Kombe. Hakuna anayewatoa. Hilo usihofu kabisa.” Alisema hivyo kama anayempa zawadi, na Kalama akashukuru, maana mtu akikupa zawadi unashukuru. Alipofika mlangoni, Nyakio alimwita tena. “Bwana Kalama, kama ni wewe, mbona hauko kazini?” Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa anataka kujua.

Kalama alisimama juani. Alitafuta mtu wa kumkasirikia. Mwalimu Badi alimsahau, na kumsahau ndiko kulikompa maisha. Baba yake hakusema uongo hata neno moja. Ndugu yake alifungua mikono tu. Kocha alimsifu, na karani alimpa pole. Wote walikuwa wema kwake, na yeye hakuwa na kazi. Alijaribu kuyapanga yale mambo moja baada ya jingine, yakamchanganyikia, akaona afadhali atembee.

Miguu ikampeleka uwanjani, kwa kuwa ilikuwa saa ya mazoezi na miguu haijui mengine. Hakuingia. Alisimama nje ya waya, pale wanaposimama watu wasio na kazi wakitafuna miwa.

Ndani, Kalama wa Mapenzi alikuwa chini ya kikapu. Aliyekuwa anatoa mpira sasa ni kijana mpya, mrefu naye, mwenye nguvu na haraka. Mpira wa kwanza ulimpiga Kalama wa Mapenzi gotini. Wa pili ulimpita nyuma. Mwingine ulimjia usoni akaukwepa, na wanaotafuna miwa wakacheka. Alikuwa amesimama mle ndani na mikono yake mirefu imening'inia, anageuka huku na huku, anatafuta kitu kilichokuwa hapo jana, na jasho lilimtoka kuliko juu ya mnazi wowote. Kalama wa Kanze alimwonea huruma. Sasa hivi, alisema moyoni. Anageuka kulia, mpe sasa hivi. Lakini mpira ulikwenda kushoto.

Kocha alipuliza filimbi kwa hasira. “Kalama! Mikono juu! Kalama, nasema inua mikono!”

Easter, aliyekuwa amengoja nyumbani mpaka akachoka, alikuja kumtafuta mumewe. Alimkuta kwenye waya, nyuma ya watu, amevaa shati la harusi, macho yako uwanjani. Mikono yake yote miwili alikuwa ameiinua juu ya kichwa, vidole vimefunguka, na hakuonekana kujua kwamba ameiinua. Watu waliokuwa karibu walikuwa wameacha kutazama mchezo, wanamtazama yeye.

Easter alimsogelea, akamshika mkono mmoja, akaushusha polepole, kisha wa pili.

“Twende nyumbani,” alimwambia. “Si wewe unayeitwa.”